Daftari Linasema Umelala

"Rudia tena," alisema mkaguzi. "Taratibu, ili na mimi nielewe. Saa hizi uko wapi?"

"Nipo hapa, afande."

"Daftari linasema umelala."

"Nipo macho, afande."

"Macho nayaona. Ndiyo maana nauliza."

Haya, msomaji wangu, kaa vizuri, maana hapa ndipo tulipoachana wiki jana. Dereva wetu, yule ambaye wenzake walimbatiza Kinyonga kwa sababu ya mwendo wake, amesimama kando ya lori kwenye kizuizi cha ukaguzi. Asubuhi bado ina ubaridi lakini shati lake limelowa mgongoni. Mkaguzi ameshika daftari lake la safari, na daftari hilo, kwa mwandiko wa Kinyonga mwenyewe, linasema kwamba dakika hii hii amejinyoosha kilomita sabini mbele, kwenye kituo cha mapumziko cha mlimani.

Mkaguzi huyo madereva humwita Rula. Hatoki nyumbani kwake bila rula ya chuma ya kupimia meno ya matairi. Ni mwanamke mfupi, miwani kwenye ncha ya pua, na hana haraka na mtu. Alikuwa amemsimamisha Kinyonga saa tatu na dakika hamsini, na mpaka sasa, saa nne na ushee, alikuwa bado hajamaliza kumpekua.

"'Saa tatu na nusu mpaka saa tano na nusu, nimelala kituoni,'" alisoma kwa sauti. "Mwandiko mzuri. Umeuandika usingizini?" Akageukia turubai. "Na umebeba nini humo?"

"Magodoro."

"Afadhali. Hilo angalau linaendana."

Hakucheka. Kinyonga alitaka kucheka ili kumfurahisha, midomo ikagoma.

Sasa nikupe siri ambayo kila dereva anaijua na hakuna anayeitamka mbele ya sare. Daftari la safari hujazwa njiani: ukisimama, andika, ukilala, andika, ukiamka, andika. Kinyonga halijazi njiani. Hulijaza lote alfajiri yadini, mezani, kikombe cha chai pembeni, kabla hajagusa ufunguo. Njia hiyo ameipita mpaka anajua atapigia miayo kona ipi. Akimaliza, huchana ile nakala ya rangi ya waridi na kumwachia mratibu wa safari, ili siku ya kurudi asipange foleni ya kukabidhi karatasi. Na mratibu huyo ni shemeji yake, kaka wa mkewe, tumbo moja. Miaka ishirini na miwili Kinyonga analala kwenye karatasi kwanza ndipo alale kwenye kiti, na hajakosea hata robo saa.

Leo tairi likapasuka. Kulibadilisha peke yake, na jeki yenye kiburi, kulimla saa moja na nusu. Karatasi ikaendelea na safari, mwenyewe akabaki nyuma.

Rula alitoa kadi ya makosa ya Kinyonga, akaisogeza karibu na miwani.

"Kosa la kwanza, mwezi uliopita. Honi inayopiga wimbo wa harusi." Akainua uso. "Wimbo mzima?"

"Kibwagizo tu, afande. Aliyeliendesha kabla yangu ndiye aliyeifunga."

"Kosa la pili, wiki mbili zilizopita. Kuendesha lori la tani thelathini umevaa ndala."

"Miguu ilikuwa imevimba."

"Na leo umelala ukiwa barabarani. Mzee wangu, nimekaa kwenye kizuizi hiki miaka kumi na moja. Nimemwandikia mtu aliyebeba mbuzi kwenye kiti cha abiria, tena mbuzi kafungwa mkanda. Lakini dereva ambaye yupo na hayupo, wewe ni wa kwanza."

Kinyonga hakusikia utani. Alisikia neno moja tu kichwani: la tatu. Makosa matatu ndani ya miezi mitatu, leseni inabaki mezani kwa mkaguzi mwaka mzima. Na dereva asiye na leseni hana yadi ya kurudi. Lori lake lingepata mtu mwingine kabla kiti hakijapoa. Ana umri wa miaka hamsini na mbili, na hana kazi nyingine anayoijua.

"Afande, nakuomba," alisema. "Sijagonga mtu. Sijapitisha uzito. Nisamehe hili moja, nakuomba kama mama."

"Mimi na wewe tumezaliwa mwaka mmoja. Usiniite mama."

"Basi nakuomba kama dada."

Ndipo simu ikaita mfukoni mwake.

Simu ya Kinyonga ilikufa spika ya sikioni siku nyingi. Akitaka kusikia lazima aweke sauti ya nje, na wote walio karibu wanasikia naye. Alitazama kioo. Shemeji.

Miaka sita shemeji ni mratibu, hajawahi kumpigia akiwa njiani.

"Pokea," alisema Rula. "Mimi sina haraka."

Akapokea.

"Shemeji! Umeshafika mlimani?"

Kinyonga alimtazama Rula, Rula akamtazama yeye. Akisema amekamatwa, bosi angejua kabla ya adhuhuri. Mazoea yakamjibia.

"Nimefika, shemeji. Nipo kituoni nimejinyoosha."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu, kama kawaida."

"Umepaki wapi? Upande wa vibanda?"

"Eeh. Upande wa vibanda."

"Safi sana. Lala. Usiamke mpaka saa yako ifike."

Simu ikakatika. Rula alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Una kipaji wewe. Hata jicho hukupepesa." Kisha sauti yake ikabadilika. "Hebu niambie. Mratibu wako huwa anakuuliza umepaki wapi?"

"Hajawahi."

"Hata mara moja?"

"Hata simu yenyewe hajawahi kupiga."

"Ehe. Na leo kapiga kukwambia ulale."

Kinyonga alianza kuunganisha mambo kichwani. Shemeji ndiye aliyemtafutia lori hili miezi miwili iliyopita. Shemeji ndiye aliyemwambia asiondoe ile honi. "Iache, inachangamsha." Shemeji huyo huyo, siku hizi akija nyumbani, huingia jikoni kwa dada yake moja kwa moja, na Kinyonga akitokea mlangoni maongezi yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Alijiambia ndugu hawakosi la kunong'ona. Alijiambia hivyo mara nyingi mno.

Halafu Rula akafanya jambo ambalo madereva wakilisikia watadhani nimelitunga. Akamrudishia daftari.

"Chana ukurasa huo. Andika ukweli hapa mbele yangu: tairi limepasuka, umechelewa, umesimama kizuizini. Halafu ondoka. Leo sijakuona."

Kinyonga alichana upesi. Aliandika upya juu ya boneti, akaukunja ukurasa wa zamani na kuusokomeza mfukoni. Alishukuru mpaka akaambiwa anyamaze. Alipanda, akawasha injini, akatia gia.

Redio ya upepo kwenye kibanda cha wakaguzi ikakoroma.

"Vizuizi vyote, vizuizi vyote. Lori la magodoro, turubai la buluu. Saa nne kamili limegonga kibanda cha chai kituo cha mlimani na kukimbia. Mama mwenye kibanda ameumia vibaya, hali yake si nzuri. Namba ya lori..."

Namba ikasomwa. Kinyonga aliisikia herufi kwa herufi, na ilikuwa yake.

"Zima gari!" Rula alikuwa ameshasimama mbele ya bampa. "Zima, nipe ufunguo, shuka!"

"Afande, saa nne kamili nilikuwa na wewe! Ulikuwa unapima tairi la kulia!"

"Najua nilikuwa wapi. Ninachotaka kujua ni wewe ni nani."

"Ni mimi!"

"Kuna malori mawili yenye namba moja. Mojawapo ni la uongo. Nitajuaje si hili lako?"

Hata Kinyonga mwenyewe hakujua. Lori alipewa na shemeji, funguo alipewa na shemeji, kadi ya lori aliikuta kwenye bahasha. Rula alipiga magoti kwenye vumbi, akakwangua tope kwenye chesisi kwa ile rula yake, akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, akailinganisha na kadi. Akarudia. Kinyonga alisimama nyuma yake akihesabu pumzi.

"Zinalingana," alisema Rula. "Hili ndilo la kweli."

"Alhamdulillahi."

"Usifurahi. Leta ule ukurasa uliochana."

Aliutoa mfukoni umekunjamana. Rula aliunyoosha kwenye boneti, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akifanya haraka.

"Unaona tulichofanya? Nakala ya hii iko yadini?"

"Anayo shemeji."

"Kwa hiyo karatasi ya yadini inasema ulikuwa mlimani. Daftari lako lina ukurasa uliochanwa, na mpya umeandikwa dakika chache baada ya mtu kugongwa. Mpelelezi akiona hivi atasema nini?"

"Atasema nimeghushi."

"Na aliyekuruhusu kughushi ni mimi." Akashika kiuno. "Jinga kabisa mimi! Siku moja tu nimeamua kuwa na huruma!"

"Lakini wewe ni shahidi, afande. Utasema."

"Nitasema kwa mdomo. Kwenye kitabu changu huna hata mstari, nilikusamehe. Wataniuliza ulinipa nini nikufiche. Kesho nikihamishwa, utanitafuta wapi?"

Malori mengine yalikuwa yakipanga foleni nyuma, madereva wakichungulia madirishani. Kinyonga aliwatazama mmoja mmoja. Wote aliwajua kwa honi zao, na leo kila mmoja alionekana kwake kama mtu anayejua jambo na kulificha. Nani mwingine alijua saa yake ya kulala? Hakuna. Ni karatasi ya waridi tu, na karatasi ya waridi ilikuwa na mtu mmoja.

Simu ikaita tena. Shemeji.

"Pokea," alinong'ona Rula. "Na safari hii usijinyooshe."

"Shemeji, umefanya nini?" Sauti ilikuwa ya kilio, kilio kikavu. "Polisi wamepiga yadini. Wanasema umegonga kibanda, umemwacha mama wa watu chini ya mbao. Nimewasomea nakala yako, sikuwa na la kufanya. Na nimewaambia tumeongea, ukasema mwenyewe uko upande wa vibanda."

Kinyonga alimwona Rula akimpa ishara: mwache aendelee.

"Sasa nifanye nini, shemeji?"

"Kimbia. Liache lori popote lilipo, zima simu, vuka mpaka, potea. Mimi nipo. Dada yangu nitamtunza, na wanao nitawatunza. Usirudi nyumbani, unasikia? Nyumbani usirudi kabisa."

"Nimesikia."

"Na lile daftari lichome."

Ikakatika.

Kisha Rula akasema polepole, "Huyo hakutakii mema, mzee wangu. Mtu akikimbia, kesi inaisha. Hakuna atakayelitafuta lori la pili."

Kinyonga aliitazama simu. Mtu huyo amekula kwake. Watoto wake pacha walipozaliwa, mtu huyo ndiye aliyewabeba kutoka hospitali, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu. Alitaka kutukana, akashindwa hata kupata tusi.

"Afande," alisema, "niandikie kosa."

"Unasemaje?"

"Niandikie. Lile la daftari. Weka saa uliyonisimamisha, weka mahali, piga muhuri. Ukurasa huo ubane kwa pini kama ushahidi."

"Unajua ni la tatu."

"Najua."

"Nikiandika siwezi kurudisha. Leseni inabaki hapa mwaka mzima. Hata ikija kujulikana huna hatia ya kibanda, hatia ya daftari ni yako, umeiandika kwa mkono wako."

"Ni yangu. Nimekulilia nusu saa usiniandikie. Sasa nakulilia uniandikie. Andika, afande, kabla sijabadilisha mawazo."

Rula alifungua kitabu cha hati. Aliandika kama anavyopima, bila haraka, huku akisoma: "Kosa: kujaza daftari la safari kabla ya safari. Saa ya kusimamishwa: tatu na dakika hamsini." Aliandika na namba ya chesisi, jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha. Kisha akanyoosha kiganja.

Kinyonga alitoa leseni. Ilikuwa ndani ya kijaluba cha plastiki kilichopauka, na picha yake ya ujana, nywele nyingi, shingo nyembamba. Aliishika sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika. Machozi yalimlengalenga na hakuyaficha. Miaka ishirini na miwili hajawahi kukaa hata wiki bila kile kijaluba mfukoni.

"Pole, kaka," alisema Rula, na mara hii hapakuwa na utani. "Kaa kwenye lori, umpigie mkeo. Naingia kupiga muhuri, na napeleka habari redioni kwamba dereva wa kweli ninaye mimi."

Akaenda kibandani. Kinyonga akapanda, akapandisha vioo vyote viwili. Alijisikia mtupu, lakini ndani ya utupu huo kulikuwa na nafuu. Leseni imekwenda, jela haipo. Yuko huru, na karatasi inasema hivyo.

Jambo lililobaki lilikuwa moja: mkewe, Mama Pacha. Asisikie kwanza kutoka kwa kaka yake. Kinyonga alimwacha alfajiri mlangoni na kanga begani, akisema leo hatoki, ana nguo za kufua. Angemweleza mwenyewe, kwa utaratibu, amwambie wasimfungulie shemeji mlango. Na kama alijua chochote, kama yale ya jikoni yalihusu haya, angemjua kwa sauti tu. Mke uliyekaa naye miaka kumi na tisa humdanganyi wala hakudanganyi kwa simu.

Akapiga. Ikaita mara moja, mbili, tano.

"Haloo?"

Haikuwa sauti ya mkewe. Ilikuwa ya mwanaume mzee, na nyuma yake kelele za watu wengi.

"Nani mwenzangu?" Kinyonga aliuliza. "Mpe simu mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo. Kwenye kioo imetokea 'Baba Pacha'. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Simu umeitoa wapi?"

"Nimeiokota. Tupo huku kituo cha mlimani, tunamtoa mama chai chini ya mbao. Ni ya yule dada aliyekuwa kwenye lori pamoja na dereva. Liliposimama kidogo aliruka, akaanguka, simu ikamtoka. Analia tu, 'Mungu wangu, hatukupanga kuua mtu.' Halafu kakimbilia bondeni. Vijana wamemfuata."

Hatukupanga. Kwa hiyo kuna walichopanga.

Kioo kikagongwa. Rula alikuwa amesimama chini ya dirisha, hati mkononi, muhuri mwekundu bado unang'aa. Kinyonga aliibamiza simu kitini kifudifudi, akashusha kioo.

"Nakala yako hii. Itunze kuliko roho," alisema Rula. "Wananitumia mpelelezi. Wanasema kuna mwanamke alikuwa ndani ya lori lile, ndiye ufunguo wa mambo yote." Akamchungulia. "Mbona umepauka? Mkeo umempata?"

Kinyonga alipokea hati kwa mikono miwili. Ndiyo iliyomtoa yeye kwenye kesi. Mkewe isingemtoa.

"Hapatikani, afande," alisema.

Na kutoka kitini, kwa sauti ya nje, simu ambayo hakuikata ikasema wazi: "Baba Pacha? Baba Pacha, vijana wamemkamata. Polisi anauliza, huyu dada ni mke wako au siye?"